Mama ana vali ya chuma: tangawizi, mlonge na wafarini

*Swali: Mama yangu ana miaka 57, tunaishi Tanga. Miaka mitatu iliyopita alibadilishwa vali ya moyo iitwayo mitrali akawekewa ya chuma, na tangu hapo anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila jioni. INR yake, yaani kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, ilikuwa imetulia, 2.8 hadi 3. Miezi miwili iliyopita alianza kunywa kila usiku glasi ya tangawizi, vitunguu saumu vibichi, manjano na limao kwa ajili ya magoti. Akaanza kutoka damu kwenye fizi akipiga mswaki, kupima INR ikawa 5.1. Kliniki wakampunguzia dozi. Jirani akasema damu imempungua, akamletea unga wa mlonge, vijiko viwili kwenye uji kila asubuhi. Juzi INR imekuwa 1.6. Sasa mtaalamu mmoja wa tiba asili ametupa chupa ya mizizi, anasema inayeyusha damu, na kwamba wafarini ni sumu ya panya, aiache. Kliniki nao walimwambia asile mboga za majani kabisa, na sisi bila mchicha, kisamvu na matembele hatuna mboga. Tumsikilize nani? Vitunguu saumu na tangawizi haviwezi kuchukua nafasi ya kidonge? Na mwezi ujao anang'olewa jino.*

Dada yangu, pole kwa hekaheka hizi. Umeuliza mengi, lakini kuna moja ambalo hukuliuliza na ndilo la leo: hiyo 1.6. Kwa mwenye vali ya chuma upande wa mitrali, INR hulengwa kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka chini ya hapo, damu inaweza kuganda juu ya vali yenyewe. Bonge likikatika likapanda kichwani ni kiharusi. Likibaki palepale linaweza kuikwamisha vali isifunguke vizuri. Kwa hiyo wapigie kliniki leo, uwaambie matokeo na uwaambie kuhusu mlonge. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Wanaweza kuongeza dozi, wanaweza kumpa sindano za hepari, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa siku chache hadi INR ipande. Huo ni uamuzi wao baada ya kumwona. Wewe usimwongezee kidonge kwa kukisia, na hiyo chupa ya mizizi isifunguliwe.

Akipata udhaifu wa mkono au mguu mmoja, mdomo kwenda upande, maneno kumpotea ghafla, kuishiwa pumzi kuliko kawaida, au ukiona ule mlio wa "tik, tik" wa vali umefifia au umebadilika, ni hospitali muda huohuo, hata usiku wa manane. Na kwa upande wa pili, ule wa INR kuwa juu: choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokoma baada ya kubana kwa dakika kumi na tano, kichwa kuuma vibaya kwa namna asiyoizoea, au kuanguka na kugonga kichwa hata kama anasema yuko salama. Hayo nayo hayasubiri asubuhi.

Sasa tukae tuzungumze.

Nikiisoma barua yako naona watu wanne wanaompenda au wanaomhudumia mama, kila mmoja ameshika kipande chake cha habari. Mama anatibu magoti. Jirani anatibu upungufu wa damu. Mtaalamu wa tiba asili anatibu "damu nzito". Kliniki inafukuzana na namba. Hakuna aliyeiona picha nzima ila wewe, na ndiyo maana barua yako ni ya maana kuliko unavyodhani.

Tuanze na jambo linalochanganywa na karibu kila mtu. Upungufu wa damu, damu kuganda na presha ni mambo matatu tofauti. Mtu anaweza kuwa na damu chache na bado ikaganda kupita kiasi. Anaweza kuwa na damu ya kutosha kabisa na isigande inapotakiwa. Jirani alipoona fizi zinatoka damu akasema "damu imepungua", nia yake ilikuwa njema, lakini aliichukua tiba ya upungufu akaipeleka kwenye tatizo la kuganda. Kama kweli mama anajisikia mchovu na ana weupe wa macho, apimwe wingi wa damu. Ni kipimo cha bei nafuu na majibu hutoka siku hiyohiyo.

Damu huzibaje jeraha? Fikiria nyumba zetu za kale za pwani, ukuta wa mawe na chokaa. Mshipa ukipasuka, kwanza hukimbilia pale chembe ndogo ziitwazo chembe sahani, zikajipanga na kushikana. Hayo ndiyo mawe. Peke yake hayadumu. Kisha protini maalumu zilizomo kwenye damu huamshana moja baada ya nyingine mpaka zinatoa nyuzi za fibrini zinazoyafunga mawe yale. Hiyo ndiyo chokaa. Nne kati ya protini hizo, zinazojulikana kwa namba 2, 7, 9 na 10, hutengenezwa na ini, na ini haliwezi kuzikamilisha bila vitamini K. Wafarini hufanya kazi moja tu: hulizuia ini lisiitumie tena na tena vitamini K iliyokwisha kutumika. Chokaa inatoka, lakini dhaifu. INR hupima chokaa hiyo inachukua muda gani kushika. Mtu asiyetumia dawa husoma karibu na 1.

Ukishika hilo, majibu mengi ya maswali yako yanajitokeza yenyewe. Vitunguu saumu na tangawizi hugusa zaidi mawe. Ndani ya kitunguu saumu kilichopondwa kibichi kuna viini, kimojawapo huitwa ajoeni, vinavyozifanya chembe sahani zisishikane vizuri. Ukikipika, sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupotea. Tangawizi ina viini vinavyogusa njia ileile inayoguswa na aspirini, ingawa kwa udhaifu zaidi. Bonge linaloota kwenye vali ya chuma lakini hutegemea sana chokaa, na chokaa hiyo haiguswi na glasi ya tangawizi kwa kiwango cha kumlinda mtu. Hata aspirini yenyewe, ambayo nguvu yake tunaijua na kipimo chake kinajulikana, haitoshi peke yake kwa mwenye vali ya chuma. Kwa hiyo jibu la swali lako la moja kwa moja ni hapana. Hakuna kitunguu, mzizi wala jani lolote linalojulikana linaloweza kuchukua nafasi ya wafarini kwa mama yako, na kuiacha ghafla ni kuhatarisha maisha yake.

Lakini usinielewe kwamba nasema vitu hivyo havina nguvu. Ni kinyume chake. Mawe yakilegea na chokaa ikiwa dhaifu kwa wakati mmoja, ukuta hausimami, na INR haitakuonyesha hilo lote, kwa sababu haipimi chembe sahani. Mtu anaweza kuwa na INR nzuri ya 2.8 na bado akatoka damu kwa sababu ya kitu kingine anachokunywa. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliandika habari za mzee wa miaka 87 aliyevuja damu ndani ya uti wa mgongo akapooza miguu. Hakuwa anatumia wafarini, ila alikuwa na mazoea ya kula punje nne hivi za kitunguu saumu kila siku. Kisa kimoja si ushahidi kwamba kila mla kitunguu atavuja damu. Kinatuonyesha tu kwamba chakula nacho, kwa wingi na kwa mfululizo, kina uzito wake.

Kwa tangawizi ushahidi ni mpole zaidi. Utafiti uliofanywa Australia ukachapishwa mwaka 2005, kwa wanaume 12 wenye afya njema, haukuona tangawizi ikibadilisha kazi ya wafarini. Kumi na wawili ni wachache, nao hawakuwa wagonjwa, lakini siwezi kuuficha utafiti huo nikakutisha bure. Chai ya tangawizi ya kawaida, kipande kwenye sufuria ya chai ya familia, simkatazi mgonjwa.

Kinachonitia shaka zaidi katika ile glasi ya usiku ni manjano. Mwaka 2018 Medsafe, mamlaka ya dawa ya New Zealand, ilitoa tahadhari baada ya mgonjwa mmoja wa wafarini aliyekuwa ametulia kuanza kutumia bidhaa ya manjano. Ndani ya wiki chache INR yake ikapita 10. Kwa kiwango hicho mtu anaweza kuvuja damu ndani bila hata kujikwaa. Manjano ya kwenye pilau au mchuzi, nusu kijiko sufuria nzima ikaliwa na watu sita, si jambo. Vidonge vya manjano, au kijiko kizima kwenye glasi kila usiku kwa mtu mmoja, ni dawa, na inapaswa kuhesabiwa kama dawa. Limao nalo silikuti na kosa lolote hapa.

Je, ni glasi hiyo iliyoleta 5.1? Inawezekana sana, lakini nisiwe hakimu wa haraka. Jiulizeni: wiki zile alimeza dawa nyingine yoyote? Metronidazoli ya tumbo, Septrin, flukonazoli ya fangasi, zote hupandisha INR kwa nguvu kuliko mimea mingi ya jikoni. Hata parasetamoli, inayoonekana haina neno, ikimezwa kwa wingi kila siku kwa siku kadhaa huipandisha. Alikuwa na homa, anaharisha au amekosa hamu ya kula? Mtu asiyekula hapati vitamini K. Na kwa magoti alimeza diklofenaki au ibuprofeni za dukani? Hizi hata zisipoigusa INR huchubua tumbo na kulegeza chembe sahani, na kwa mtumiaji wa wafarini ni mojawapo ya mchanganyiko mbaya kabisa. Naona watu wengi wanalaumu mwarobaini wakati kidonge cha maumivu kimelala mfukoni.

Sasa mlonge. Majani yake yana vitamini K nyingi, kama yalivyo majani mengi ya kijani kibichi, na ukiyakausha ukayasaga, kijiko kimoja kinabeba majani mabichi mengi sana. Vijiko viwili kila asubuhi ni kulipelekea ini lundo la kile kitu ambacho wafarini inajaribu kukizuia. Chokaa inakuwa ngumu tena, INR inashuka. Mlonge haukuharibu kitu. Umefanya kazi yake. Tatizo ni wakati ulipokuja.

Tazama mfuatano wake. Kliniki walipoona 5.1 wakapunguza dozi. Hukuniambia, lakini nadhani fizi zilipotoka damu mama aliiacha pia ile glasi ya usiku. Halafu mlonge ukaingia. Kama ni hivyo, mambo matatu yaliivuta INR chini kwa pamoja: dozi ndogo, manjano kuondoka, na vitamini K kuongezeka. Mfamasia au daktari aliyepunguza dozi alikuwa na haki kwa alichokiona, ila aliirekebisha dozi ambayo haikuwa na kosa. Kwa miaka mitatu dozi hiyo ilikuwa sawa. Wasipoambiwa, wataona 1.6, watapandisha, mama ataacha mlonge kwa hofu, na mwezi ujao mtaandika barua nyingine mkiwa na INR ya 6.

Kuna jambo la muda pia ambalo huwapoteza watu. Protini namba 7 hudumu kwenye damu saa chache tu, lakini namba 2 huchukua kama siku tatu kupungua nusu. Ndiyo maana ukibadilisha kitu leo, dozi au dawa au chakula, matokeo kamili huonekana baada ya siku tano hadi saba. Mtu anakunywa mchanganyiko siku mbili, anajiona mzima, anasema "mbona haina madhara". Mwili bado unahesabu. Kila badiliko la maana, kuanza au kuacha, lifuatwe na kipimo ndani ya wiki moja.

Kuhusu sumu ya panya, aliyewaambia hakusema uongo, alisema nusu. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kufa kwa kuvuja damu, wengine baada ya kukatwa pembe tu. Ikagundulika walikuwa wamekula nyasi kavu za mmea uitwao melilotasi zilizoota ukungu. Mmea huo una kumarini, ambayo yenyewe haizuii damu kuganda. Ukungu ndio unaoigeuza kuwa dikumaroli, na hiyo ndiyo iliyowaua ng'ombe. Kundi la Karl Paul Link katika Chuo Kikuu cha Wisconsin liliitenga dikumaroli, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana wafarini. Herufi za mwanzo za jina lake, W-A-R-F, ni za mfuko wa utafiti wa chuo hicho. Mwaka 1948 iliuzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Kilichobadilika ni kipimo na uangalizi. Panya hula bila kupimwa mpaka anavuja damu; mama anapewa miligramu chache, damu yake inapimwa, na akizidi kuna dawa ya kumrudisha, nayo ni vitamini K yenyewe, ya kumeza au ya sindano.

Nimeirefusha hadithi hiyo kwa makusudi. Watu huweka ukuta kati ya "dawa za asili" na "dawa za kemikali", na wafarini imesimama pande zote mbili. Asili yake ni nyasi zilizooza. Na kama nyasi zilizooza ziliweza kuua ng'ombe, basi neno "asili" halitoshi kuwa uthibitisho wa usalama. Jambo lingine humo: majani na mizizi iliyokaushwa vibaya, ikakaa kwenye unyevu ikaota ukungu, si ya kutumiwa na mtu yeyote, sembuse mwenye vali.

Mtauliza, kwa nini asipewe hizi dawa mpya zisizohitaji kupima INR? Zipo, na kwa wagonjwa wengi wa mabonge ya damu ni nzuri. Kwa vali ya chuma hapana. Moja yao, dabigatrani, ilijaribiwa kwa wenye vali za chuma, na jaribio likasimamishwa kabla ya mwisho kwa sababu waliotumia dawa hiyo walipata mabonge mengi zaidi na pia walitoka damu zaidi kuliko wa wafarini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Hata kwa wale ambao bado wana vali zao za kuzaliwa lakini zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, na mapigo yao hayana mpangilio, utafiti mkubwa wa mwaka 2022 wenye wagonjwa zaidi ya 4,500, wengi wakiwa wa nchi kama zetu, ulionyesha waliopewa dawa za jamii ya wafarini waliishi vizuri zaidi kuliko waliopewa rivaroksabani, mojawapo ya hizo dawa mpya. Kwa hiyo kliniki haimng'ang'anizi mama dawa ya kizamani kwa sababu ya umaskini wetu. Kwa vali yake, hiyo ndiyo dawa.

Niseme na kuhusu mboga, maana hapa siko pamoja na aliyemkataza. Kumwambia mama wa Tanga asile mchicha, kisamvu na matembele ni kumwambia asile. Na si lazima. Mwanamke mzima anahitaji takriban mikrogramu 90 za vitamini K kwa siku, na bakuli la majani ya kijani yaliyopikwa linaweza kupita hapo mara kadhaa, ni kweli. Hasa yakipikwa kwa tui la nazi, maana vitamini K hufyonzwa vizuri pamoja na mafuta. Lakini dozi ya wafarini hupangwa juu ya mlo wa mtu. Anayekula mboga kila siku hupewa dozi inayolingana na mboga hizo, akatulia. Anayezikwepa kabisa hubaki na akiba ndogo ya vitamini K, na siku akila kisamvu cha harusini INR inashuka ghafla. Kwa wagonjwa wangu husema hivi: kula mboga zako, ila kiasi kilekile, wiki baada ya wiki. Upawa mmoja wa mchicha au matembele kila siku ni bora kuliko siku tano bila jani halafu sahani mbili Jumapili. Mwezi wa Ramadhani mlo unabadilika sana, kwa hiyo kama mama anafunga, kliniki ijue mapema na apimwe mara nyingi zaidi, na kidonge akimeze wakati uleule kila usiku.

Kwa mlonge kuna njia mbili za haki. Ya kwanza ni kuuacha, ambayo mimi ningeichagua kwa sasa kwa sababu INR imeyumba na tunahitaji kupunguza vitu vinavyosogea. Lakini msiuache kimyakimya, kliniki iambiwe siku aliyoacha, kwa sababu kuuacha kutaipandisha INR hata dozi isipoguswa. Ya pili, kama mama anauthamini sana na unampa nguvu, ni kutumia kiasi kidogo kisichobadilika kila siku na dozi ipangwe kwa kukihesabu. Inawezekana, wapo wanaoishi hivyo, ila inahitaji kijiko kilekile na unga wa mtu yuleyule, na vipimo vya karibu mwanzoni.

Habasoda, uwatu na karafuu vinaulizwa sana pwani, kwa hiyo niviguse. Uwatu uliwahi kuripotiwa kupandisha INR kwa mgonjwa wa wafarini aliyekuwa akiutumia pamoja na mmea mwingine. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, inayolegeza chembe sahani. Kuhusu habasoda, mengi tunayoyajua ni ya maabara. Vyote kama kiungo cha chakula havina tatizo. Vyote kama kijiko cha kila siku cha kutibia ni vya kutajwa kliniki. Mdalasini watu huuogopa kwa sababu una kumarini, lakini kama nilivyosema, kumarini yenyewe haizuii damu kuganda. Tatizo lake, ukizidishwa sana, ni kwa ini.

Ipo pia mimea inayosaidia damu kusimama, na wazee hawakukosea. Kishona nguo watu hukiponda wakakibandika kwenye kidonda kidogo, na utomvu wa mgomba hali kadhalika. Kwa mtu wa wafarini aliyejikata, lakini, cha kwanza ni kubana kwa kitambaa safi dakika kumi hadi kumi na tano bila kuchungulia. Majani ya shambani huleta vijidudu, na vijidudu vikiingia kwenye damu ya mwenye vali ya bandia vinaweza kukaa juu ya vali. Juisi ya majani ya mpapai nayo, inayonywewa sana wakati wa homa ya dengi ili kupandisha chembe sahani, imeonyesha dalili za kusaidia katika majaribio kadhaa madogo barani Asia. Hata hivyo mama akipata homa ya aina hiyo, mahali pake ni wodini, si kwenye glasi.

Huyo mtaalamu wa tiba asili simdharau, na nisingependa mumfokee. Mrudini kwa heshima, mwambieni: mama ana vali ya chuma, anatumia dawa inayopimwa kila mwezi, tunaomba majina ya mizizi iliyomo. Anayeijua kazi yake atataja, na wengi wakisikia habari ya vali watasema wenyewe msitumie. Asiyetaka kutaja, msimpe mama. Chupa isiyo na majina ina hatari mbili: mimea yenyewe, na kile kilichoongezwa. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimewahi kukuta diklofenaki na steroidi zimefichwa ndani ya bidhaa za "asili" za viungo, na mgonjwa anasifu mizizi wakati anapata nafuu ya kidonge ambacho tumbo lake litakilipia. Kwa magoti ombeni mazoezi ya viungo, na parasetamoli kwa kipimo mtakachopewa kliniki.

Mkienda kliniki bebeni kila kitu kwenye mfuko: unga wa mlonge, manjano, chupa, vidonge vyote vya dukani, na daftari lenye tarehe ya kuanza na kuacha kila kimoja. Kama mliogopa kusema kwa sababu mnagombezwa mkitaja dawa za kienyeji, naelewa. Sisi wahudumu tumechangia ukimya huo. Anzeni hivi: "Tumekuja na habari itakayowasaidia kupanga dozi." Karibu kila mtu atasikiliza.

Limebaki jino. Asiache wafarini ili ang'olewe. Jino moja hung'olewa mgonjwa akiendelea na dawa, mradi INR ipimwe ndani ya saa 24 kabla. Mwongozo wa madaktari wa meno wa Uingereza, kwa mfano, unaruhusu ikiwa chini ya 4. Daktari hushona, hubana kwa pamba, na anaweza kutoa dawa ya kusukutua inayozuia kuvuja. Mwenye vali ya bandia hupewa pia antibiotiki kabla, kuilinda vali na vijidudu vya mdomoni, kwa hiyo daktari wa meno ajue habari ya moyo siku ya kwanza ya kuonana, si akiwa ameshika koleo. Manjano, vitunguu saumu vya dawa, uwatu na shubiri ya kunywa viachwe wiki mbili kabla, na kliniki ya INR iambiwe navyo vimeachwa. Shubiri naitaja kwa sababu mwaka 2004 iliripotiwa habari ya mwanamke aliyekuwa akimeza vidonge vya shubiri kabla ya upasuaji, akapoteza lita tano za damu mezani. Waandishi wa ripoti walishuku mwingiliano wake na dawa ya usingizi.

Akimaliza, tazama karatasi ya dawa kabla hujatoka. Baada ya kung'oa jino watu wengi hupewa metronidazoli na diklofenaki kwa mazoea. Diklofenaki ikataliwe, iandikwe parasetamoli. Metronidazoli, kama daktari ataona haina mbadala, inaweza kutolewa, lakini kliniki ya INR ipigiwe simu siku hiyohiyo ili waangalie dozi ya wafarini, na mama apimwe tena ndani ya siku tatu hadi tano.